Barafu, nyuzi 10 ama mashini: mishipa ya pafu la kupandikizwa hulindwa wapi vizuri zaidi?

Jamaa wengi hapa Mombasa wenye mgonjwa wa mapafu yaliyokakamaa ama mwenye presha ya mapafu, daktari akishataja tu kupandikiza, swali wanalokuja nalo ni lile lile: hiyo hospitali ya India ina ile mashini ya kulitunza pafu likiwa nje ya mwili, ama bado watia pafu kwenye barafu? Nami nauguza wagonjwa mahututi kwa hivyo naulizwa sana, na jibu langu ni kwamba mashini ni swali la tatu ama la nne huko. La kwanza ni mishipa ya damu iliyo ndani ya pafu lenyewe, nani ailinda na ailinda vipi, kuanzia pale damu ya mtoaji inaposimama mpaka pale damu ya mgonjwa wenu inapoingia. Huku kwetu upandikizaji tuliouzoea ni wa figo, na watu huja na fikra za figo kwenye mapafu, na hapo ndipo mambo huanza kuchanganyika.

Pafu si kama figo. Damu yote ya mwili yapita pafuni, karibu lita 5 kila dakika mtu akiwa ametulia, na yapita kwa presha ndogo mno, wastani kama milimita 14 tu za zebaki hivi wakati kwingine mwilini wastani ni 90 na kitu. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa huo ukuta ukivuja kidogo tu, maji yaingia kwenye vifuko vya hewa, na mgonjwa aliyetolewa thieta akiwa na pafu jipya anaanza kuzama kwa maji yake mwenyewe. Hali hiyo ikitokea ndani ya saa 72 za mwanzo madaktari wanaiita kufeli kwa awali kwa pafu, wanaipima kwa kugawanya oksijeni iliyo kwenye damu kwa kiasi cha oksijeni anachopewa mgonjwa, ikiwa chini ya 200 na picha ya kifua yaonyesha maji basi ni daraja la 3, na hilo daraja la 3 ndilo linaloua watu mapema.

Anayezuia kuvuja ni utando wa ndani ya mshipa, safu moja tu ya seli. Zile seli zinatengeneza gesi ya nitriki oksaidi ambayo hulegeza mshipa na kuzuia chembe za damu zisigande pale ukutani, ugunduzi wake ulipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Na jambo ambalo wengi hawalijui, pafu likitolewa mwilini likiwa limejazwa hewa halikosi oksijeni kama figo, oksijeni iko mle mle kwenye vifuko. Kinacholiumiza ni ile damu kusimama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wameonyesha kwamba seli za utando zinahisi msuguano wa damu inayopita, msuguano ukikatika zinashtuka, chaji ya umeme kwenye ngozi ya seli yabadilika na zinaanza kutoa kemikali kali za oksijeni hata kabla damu haijarudi. Halafu damu ikirudi ndo moto wazidi, nitriki oksaidi yapungua, mishipa yajikaza, seli nyeupe zinanata ukutani na maji yanapenya. Kwa hivyo njia yoyote nitakayoilinganisha hapa chini naiuliza jambo moja, huo utando unapata nini.

Maji ya kuoshea: hapa sina haja ya kupima pande mbili

Kabla ya sanduku kuna kuoshwa. Damu ya mtoaji hutolewa kwa kupitisha maji baridi maalum kwenye ateri kuu ya pafu, na zamani yalikuwa yanatumika maji ya Euro-Collins yaliyotengenezwa kwa ajili ya figo, potasiamu yake ni kama milimoli 115 kwa lita wakati damu yako wewe hapo ulipo ina kati ya 3.5 na 5. Potasiamu nyingi hivyo yaukaza mshipa wa pafu papo hapo, ukishakaza maji hayafiki kote, yaani unaosha sebule na vyumba vya nyuma vyabaki na damu. Maji ya siku hizi yana potasiamu kidogo, Perfadex yana kama 6, na ndani yametiwa dekstrani, sukari yenye molekuli kubwa ambayo huvuta maji yabaki ndani ya mshipa yasitoroke na pia hupaka ukuta ili chembe zisinate. Kazi hiyo ilianza Japani miaka ya 1980 kisha madaktari wa Toronto huko Kanada wakaiendeleza. Timu ikikwambia yatumia maji ya potasiamu kidogo na dekstrani, hapo pita, umeridhika. Ikisema bado yatumia ya figo, mi ningetafuta timu nyingine, sitafuni maneno.

Ila kuna swali dogo ambalo watu hawaliulizi na mi naona ndilo lenye faida kubwa kwa gharama ndogo: je, wanaosha na kwa nyuma? Kuosha kwa mbele kunaingilia kwenye ateri, pafu lageuka kutoka wekundu kuwa jeupe na kila mtu pale anaona limeshasafika. Kisha timu makini inageuza, inatia maji kwenye zile vena nne za pafu, kama robo lita kila moja, yanarudi kinyume na kutokea kwenye ateri. Na pale kwenye mdomo wa ateri ndipo unapoona vidonge vya damu iliyoganda vikitoka, vyeusi vyeusi, wakati mwingine na vipande vya mafuta, kwenye pafu lile lile lililokuwa jeupe dakika chache nyuma. Kila kidonge kilichobaki mle ni mshipa ambao damu ya mgonjwa wenu itafika ikute umezibwa, na presha inayokataliwa pale yahamia kwenye mishipa iliyobaki wazi. Hakuna mashini hapo, ni maji kama lita moja na dakika chache za ziada.

Sanduku la barafu na nyuzi 10

Hapa ndo kuna ulinganisho wa kweli, maana hospitali nyingi duniani bado ziko kwenye barafu na wala si aibu. Pafu latiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji yake, linajazwa hewa yenye oksijeni kama nusu, halijazwi likafura hasa likiwa lasafiri kwa ndege maana presha ya hewa ikishuka huko juu nalo latanuka, kisha lawekwa kwenye sanduku. Kila nyuzi 10 zinaposhuka kazi ya seli yapungua karibu nusu ama zaidi, ndo siri ya baridi. Uzuri wa barafu: rahisi, yapatikana popote, haina pampu ya kuharibika. Kikomo walichokizoea ni saa 6 mpaka 8.

Ubaya wake wauelewa mtu yeyote aliyewahi kununua samaki aliyelazwa usiku kucha juu ya barafu, ile nyama iliyogusa barafu yenyewe haiwi kama ile ya juu. Tunasema nyuzi 4 lakini barafu ni nyuzi 0, na upande uliolalia barafu washuka karibu na hapo. Kwenye baridi hiyo zile pampu za kwenye seli zinazotoa chumvi nje zinasimama, seli zavimba, na mitambo midogo inayozalisha nguvu ndani ya seli yaumia, na seli ya utando ikiwa imevimba haishikani vizuri na mwenzake.

Sasa nyuzi 10. Kwamba pafu hukaa vizuri zaidi kwenye nyuzi 10 kuliko 4 si habari mpya, majaribio ya wanyama yalishaonyesha hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ila lilikaa pembeni miaka na miaka kwa sababu kila mtu ana barafu na hakuna mwenye friji ya nyuzi 10 ya kubebeka. Toronto walilifufua, mwaka 2021 wakaonyesha mapafu ya nguruwe yaliyokaa saa 36 kwenye nyuzi 10 yakafanya kazi kuliko yale ya barafuni, na ile mitambo ya nguvu ndani ya seli ilikuwa mizima zaidi. Mwaka 2023 likatoka jaribio la watu 70 kwenye vituo vya Toronto, Vienna na Madrid, mapafu yaliyofika jioni ama usiku yakalazwa kwenye nyuzi 10 mpaka asubuhi makusudi, na kufeli kwa awali hakukuzidi kule kwa waliopandikizwa kwa njia ya kawaida japo haya yalikaa muda mrefu zaidi.

Mi kwa hili nimevutiwa hasa, nasema wazi. Wajua kwa nini? Kwa sababu friji si mashini ya kutisha, bei yake si ya kutisha, na kinachopatikana si utando kulindwa tu bali pia daktari aliyelala usingizi wa kutosha kabla ya kupasua. Opareshini ya mapafu mawili inaweza kumaliza saa nyingi, kushona ateri, vena na bomba la hewa pande zote mbili, halafu kufungua damu pole pole. Mimi najua saa kumi za usiku mikono ya watu inakuwaje. Kama hospitali mnayoiangalia ina nyuzi 10 na pafu ni zuri, kwangu hiyo yashinda barafu bila mabishano marefu, na yashinda mashini pia kwa pafu ambalo halina shaka yoyote. Lakini kama pafu latoka mji ule ule, dakika arobaini kwa gari, barafu iliyofanywa vizuri haina kosa, usiache timu nzuri kwa ajili ya friji.

Mashini, na ile video

Ami yangu mmoja ana mapafu yaliyokakamaa, anaishi ghorofani Kibokoni na mashini yake ya oksijeni imesimama kando ya kitanda, stima zikipotea nyumba nzima yakimbilia mtungi. Mmoja wa vijana akatuma kwenye grupu la familia ile video ya pafu lapumua peke yake chini ya kuba la plastiki, lapanda lashuka, mabomba huku na huku. Basi pale pale shauri likakatwa, twende penye mashini! Mi nikamwambia ami, ile kupanda na kushuka ni hewa, ventileta, ile mashini ya kusukuma pumzi, yaweza kupandisha hata pafu bovu, we angalia namba pembeni ya skrini, presha ya ateri. Presha ikipanda saa baada ya saa wakati pampu yasukuma kiasi kile kile, mishipa imejikaza ama pafu lanyonya maji, na hilo pafu hapana, hata likipumua vipi. Akaniuliza, "Sasa mwanangu hiyo namba mimi nitaonyeshwa?" Hataonyeshwa, ni kweli, lakini aweza kuuliza kama timu hukataa mapafu baada ya kuyaweka kwenye mashini. Timu ambayo haijawahi kukataa hata moja haitumii mashini kupima, yaitumia kwa picha.

Mashini zenyewe ni namna mbili na zisichanganywe. Ya kwanza hukaa hospitalini: pafu lafika kwa baridi kama kawaida, laungwa, lapashwa polepole mpaka nyuzi 37 na kupitishiwa maji yenye albumini, protini ya kwenye damu, na dekstrani kwa saa kadhaa. Stig Steen wa Lund huko Sweden ndiye aliyeanza kupandikiza pafu lililopimwa hivyo, mwaka 2000. Toronto wakaja na namna yao ya upole, na hapa nataka mtulie kidogo maana mishipa ndiyo iliyowaongoza: hawasukumi maji yote ambayo moyo ungesukuma, wasukuma asilimia 40 tu, hawatii chembe nyekundu za damu, na upande wa vena wanaacha presha ndogo ya 3 mpaka 5 ili vimishipa vidogo visijikunje vikafunga. Lund wao husukuma kiasi kizima na wana damu ndani. Zote zafanya kazi, ila ukitaka pafu likae saa nyingi bila kulowa, hoja ya asilimia 40 mi naielewa zaidi, usiupige presha utando ambao ndo kwanza waamka kutoka baridini.

Mwaka 2011 Toronto walitangaza matokeo ya mapafu 20 yaliyokuwa na shaka, yakakaa saa 4 kwenye mashini ndipo yakapandikizwa, kufeli kwa awali kwenye saa 72 kukawa asilimia 15 wakati yale ya kawaida yalikuwa 30. Idadi ilikuwa ndogo hata tofauti hiyo haikuweza kuthibitishwa kitakwimu, lakini kumbukeni yale yalikuwa mapafu ambayo zamani yangetupwa. Hapo ndipo penye faida ya mashini hii, kuokoa pafu la shaka. Pafu zuri haliongezewi kitu kikubwa kwa kuwekwa pale.

Ya pili ni ya kubebeka, OCS Lung ya TransMedics, pafu launganishwa kule kule kwa mtoaji na lasafiri likiwa na joto, lapumua na kupitishiwa maji yenye damu. Kwa nadharia ya msuguano niliyoieleza juu hii ndo bora, maana utando haukai muda mrefu bila kuhisi mtiririko. Na jaribio la mwaka 2018 lenye wagonjwa 320 lilionyesha daraja la 3 ndani ya saa 72 likishuka mpaka asilimia 17.7 dhidi ya 29.7 za barafu. Nzuri, sipingi. Lakini waliokuwa hai baada ya siku 30 hawakuwa wengi zaidi upande wa mashini, gharama yake kila safari ni makumi ya maelfu ya dola, na kukitokea hitilafu njiani pafu laweza kupotea, kwa hivyo yataka watu walioizoea kweli kweli si mashini iliyonunuliwa mwaka jana. Mtu anayechangisha harambee kwa nauli, hospitali na nyumba ya kupanga miezi kadhaa, ningemwambia hiyo hela aiweke kwenye dawa za kuzuia mwili usilikatae pafu, hizo hunywewa maisha yote.

Dawa za mishipa

Mbili zinatajwa sana. Prostaglandini hutiwa kwenye ateri ya pafu la mtoaji kabla tu ya kuosha, ili mshipa usijikaze baridi inapoingia, ni jambo la kawaida na ningeshangaa timu isiyoifanya. Nitriki oksaidi ya kuvuta ndiyo inayowachanganya watu, manake ukisoma kwamba utando umekosa nitriki oksaidi waona jibu ni kumpa mgonjwa hiyo hiyo. Jaribio la mwaka 2003 liliwapa wagonjwa mapema baada ya damu kurudi na halikuzuia kufeli kwa awali. Kama tiba presha ya mapafu ikiwa juu ama oksijeni yashuka, inasaidia, nshaona madaktari wakiishikilia usiku mzima. Kwa hivyo hospitali ikijitangaza kwamba yampa kila mtu kama kinga, hiyo si alama ya ubora.

Kwa hivyo wewe uchague vipi

Mgonjwa wa kutoka Kenya akienda India, kwa sheria za kule yuko mwisho wa foleni, Wahindi kwanza, wageni baadaye. Maana yake pafu litakalomfikia laweza kutoka mbali, ama liwe limeshaangaliwa na timu nyingine likaachwa. Hilo ndilo labadilisha hesabu. Kwa mgonjwa kama huyo, mi ningeweka mbele hospitali yenye mashini ya kupima ya kukaa hospitalini pamoja na njia ya baridi isiyogusa barafu, nyuzi 10 ikiwezekana. Mashini ya kubebeka ningeiweka nyuma ya hizo zote. Kwa yule ambaye hospitali yake hupata mapafu mengi ya karibu, barafu na kuosha pande mbili yatosha kabisa.

Mwenye presha ya mapafu ni kesi ya peke yake. Moyo wake upande wa kulia umezoea kusukuma kwa nguvu kupita kiasi miaka mingi, ukifunguliwa kwenye pafu jipya lenye utando mchovu waulipua kwa presha, na ndio wanaopata kufeli kwa awali zaidi ya wengine. Huyo jamani msikubali majibu ya juu juu. Mwulizeni daktari mpasuaji mwenyewe, kwa adabu, damu hufunguliwaje: wengi wazuri huachia ile klempu iliyobana mshipa kidogo kidogo kwa kama dakika 10 presha ikiwa chini, na ventileta ikianza kwa pumzi ndogo na oksijeni isiyozidi haja. Ulizeni pia kama wana mashini ya kusaidia moyo na mapafu tayari chumbani, na muguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja siku tatu za mwanzo.

Na ndugu mnaosindikiza, jambo moja la ICU. Mtamkuta midomo imekauka, ataomba maji kwa ishara, na mtaona manesi wanamnyima na dripu inaenda kwa matone ya kuhesabika. Si ukatili. Kila maji ya ziada siku zile yatafuta pale utando unapovuja, kwa hivyo mloweshe midomo kwa pamba kama mtaruhusiwa, na msimshinikize nesi aongeze dripu.